Ofisi Zikihama, Nani Alale Humo?

Mazungumzo ya leo ni ya majengo ya ofisi yanayobaki matupu katikati ya miji baada ya wenyewe kuhama. Tunajiuliza kama yafaa kuyageuza yawe nyumba za watu kuishi. Mimi nasema yafaa, tena mapema, kabla ya kuta kupata ufa. Sababu zangu nitazianzia hapa hapa Ras Kisimani, kisiwani Mafia, ingawa najua wengi mtashangaa: Ras Kisimani kuna ofisi gani?

Leo hakuna. Ila palikuwa na mji. Kisimani Mafia ilikuwa bandari iliyojulikana enzi za masultani wa Kilwa, na mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alipofanya uchimbaji hapa alikuta vyungu vya wenyeji pamoja na vyombo vya kung'aa vilivyokuja kwa biashara ya bahari. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa nazo zimeokotwa hapa kwa wingi. Mji huo bahari imeula. Kila msimu mawimbi yanachukua kipande cha ukingo, na ukipita ufukweni maji yakitoka unaona vigae vimetapakaa mchangani. Pale mtu anaposimama kutandaza nyavu zake, zamani palikuwa ndani ya nyumba ya mtu.

Naanza hapa kwa sababu Mafia imehamisha mji wake mkuu zaidi ya mara moja, na kila ulipohama mawe yalibaki nyuma. Kisimani bahari iliichukua. Kua, kule kisiwani Juani, iliyokuwa na jumba la watawala, misikiti na nyumba kubwa za mawe, ilivamiwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, watu wakauawa, wengine wakatekwa, na mji haukurudi tena kuwa mji. Hayo mawili, bahari na vita, binadamu wa siku zile hakuwa na namna ya kuyazuia. La tatu ndilo linalonikaa rohoni, kwa sababu halikuletwa na mawimbi wala mishale. Uliamuliwa tu uhamisho, na ofisi zikahamishwa. Huko ni Chole.

Baada ya Kua kuangamia, Chole ndiyo ikawa mjini. Waliishi pale mabwana wa mashamba ya minazi wenye asili ya Omani, wakaishi wafanyabiashara wa Kihindi na hekalu lao, na mafundi wa majahazi ambao sifa yao bado haijafutika. Mwaka 1890 Ujerumani ilipoulipa Usultani wa Zanzibar marki milioni 4 kwa ajili ya pwani ya bara pamoja na Mafia, watawala wapya nao walikuja kukaa Chole, wakajenga boma lao la mawe na chokaa. Basi pale palikuwa na kila kitu cha mji wa serikali: boma, jela, maduka, nyumba za maofisa. Mwaka 1913 wakahamia Kilindoni. Kilindoni inaitazama bara na meli zilitia nanga kwa urahisi zaidi kuliko katika ghuba ya Chole, na kwa mtawala aliyetaka meli hiyo ni hoja yenye nguvu. Siwalaumu kwa kuhama. Serikali ina haki ya kukaa inapoona panafaa. Lakini yale majengo waliyoyaacha, hakuna aliyesema yawe ya nani. Hayakupewa mwalimu wala muuguzi, wala fundi jahazi mwenye watoto sita. Yalifungwa tu.

Nendeni mkayaone leo. Watu wa Chole wapo, wanalima, wanavua, wanajenga vyombo, shule ina watoto. Wanaishi katika nyumba zao za udongo, makuti na matofali, hatua chache kutoka kuta nene za mawe zisizo na paa. Wageni wanakuja kupiga picha mizizi ya mikuyu iliyoshika ukuta wa boma kutoka juu hadi chini. Picha ni nzuri, sikatai. Mimi nikiitazama mizizi ile naona miaka ambayo hakuna mtu aliyelala humo.

Hebu niwaeleze jengo la mawe linavyokufa, kwa sababu wengi wanadhani linakufa kwa uzee. Jengo la mawe ya matumbawe na chokaa linaweza kuzidi miaka mia mbili bila shida kama lina watu. Linachoogopa ni maji yanayoingia kwa juu. Jani la mnazi linaanguka kwenye mfereji wa paa, linaziba. Mvua ya masika inakuja, maji hayatoki, yanashuka ndani ya ukuta. Zile boriti zilizobeba dari, boriti za mikoko ambazo nyingi zilitoka katika delta ya Rufiji, ng'ambo tu ya mlango bahari kutoka hapa Ras Kisimani, ncha zake zimezikwa ukutani. Ncha ndiyo inayoanza kuoza, na kwa macho huioni. Siku boriti moja inapokatika, dari inafuata, na mvua sasa inanyesha sebuleni. Kisha popo wakubwa wa Chole wanapita usiku na matunda ya mkuyu, mbegu inadondoka katika ufa, inaota. Mche wa mkuyu wenye majani manne mtoto mdogo anaung'oa kwa vidole viwili. Ukikaa miaka kumi huwezi kuung'oa tena, maana mizizi yenyewe ndiyo inayoshikilia mawe, ukiikata ukuta unakuja chini.

Kwa hiyo jani moja na mche mmoja. Mama anayeishi ndani angemtuma mwanawe juu kuondoa jani, na ule mche angeung'oa mwenyewe asubuhi akianika nguo. Mlinzi anayelipwa kukaa getini hafanyi hivyo, na si kosa lake, hakuambiwa, wala paa likivuja halimlowanishi yeye. Anayelala chini ya paa ndiye anayelijua linavuja wapi.

Sasa tuvuke twende Dar es Salaam.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973. Ukakaa miaka mingi ukitekelezwa nusu nusu. Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kweli, na Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia. Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan, akafuata mwaka 2017, na Rais mwenyewe akahamia mwaka 2019. Wizara zikajengewa mji wao Mtumba. Kwa Dodoma ni heri kubwa, na mimi niliufurahia uamuzi ule. Lakini kila wizara iliyofungasha mafaili yake iliacha nyuma vyumba Kivukoni, Magogoni, barabara ya Samora na mitaa ya jirani. Baadhi ya majengo yalibaki na taasisi za serikali ambazo bado ziko Dar. Mengine yalipunguza watu, na makampuni binafsi nayo, yakichoshwa na foleni na kukosa mahali pa kuegesha magari, yamekuwa yakihamia Masaki, Mikocheni na barabara ya Bagamoyo. Ukipita sehemu ya Kivukoni saa mbili za usiku utaelewa ninachosema. Mitaa ina taa, ina lami, ina maji, ina mabomba ya maji taka, ina hospitali karibu, ina kivuko na vituo vya mwendokasi. Inachokosa ni watu.

Na watu wako wapi? Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi wa Dar es Salaam kuwa zaidi ya milioni 5.3. Wako Chanika, wako Mbagala, Kibamba, Bunju, Kivule. Muuguzi anayeingia zamu Muhimbili anaamka saa tisa za usiku ili apate daladala. Mhudumu wa ofisi anatumia saa nne kwa siku barabarani, mbili za kwenda na mbili za kurudi, na mshahara wake unaliwa na nauli kabla hajanunua unga. Akitaka kupanga karibu na mjini anaambiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi, na dalali naye achukue kodi ya mwezi mmoja. Hapo ndipo ninapoona mambo mawili yanayotafutana. Kuna vyumba visivyo na watu, na kuna watu wasio na vyumba, katika jiji moja.

Tusidhani ni jambo geni kwetu. Katikati ya Dar watu wameishi juu ya maduka tangu zamani, Kisutu, Upanga, Kariakoo, na bado wanaishi. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, familia nyingi zilipata kupanga katika fleti za katikati ya mji kwa kodi waliyoiweza. Waliotaifishiwa waliumia, na maumivu yao ni sehemu ya historia hiyo, sitayapitia kimya. Lakini tunalo somo la utendaji: Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962 na kuunganishwa na Msajili mwaka 1990, linajua kumiliki jengo lenye wapangaji wengi mjini. Hatuanzi na sifuri.

Sasa si kila ofisi inakubali kuwa nyumba, na hapa naomba mnivumilie niingie katika ufundi kidogo.

La kwanza ni dirisha. Mtu anayefanya kazi ofisini anaweza kukaa mchana kutwa chini ya taa na kiyoyozi, jioni akaondoka. Mtu anayelala anahitaji hewa inayopita. Minara ya vioo iliyojengwa Dar miaka ya karibuni ni mipana mno, kutoka dirishani hadi katikati ya jengo ni mbali, na ukiigawa vyumba utapata vyumba vya katikati ambavyo havijui jua. Umeme ukikatika humo ni tanuru. Hiyo naishauri iachwe iwe ofisi.

Lakini majengo ya zamani ni jambo tofauti kabisa. Mafundi wa enzi za Wajerumani pale Kivukoni walijenga bila kiyoyozi, kwa hiyo walilazimika kujenga kwa akili: jengo jembamba, dari ya juu, vibaraza vipana pande zote, madirisha yanayotazamana ili upepo wa bahari uingie huku utokee kule. Majengo ya serikali ya miaka ya 1960 mengi yao yamefuata mpango wa korido katikati na vyumba pande mbili, na vizuizi vya jua mbele ya madirisha. Unganisha vyumba vitatu vya ofisi za namna hiyo na unapata sebule, chumba cha kulala na jiko, vyote vina mwanga. Na mpango wenyewe tunaufahamu tangu zamani huku pwani. Katika nyumba za mawe za Waswahili upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ambao haukuzidi mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba, na watu waliishi humo vizuri, wakazaa, wakaoza mabinti zao.

La pili ni maji, na hili ndilo linalokula fedha. Ofisi ina vyoo mahali pamoja, mwisho wa korido, kila ghorofa. Nyumba kumi zinataka majiko kumi na vyoo kumi. Kila choo kinataka bomba la maji taka linaloshuka wima hadi kwenye chemba. Fundi asiye mwangalifu atatoboa zege la sakafu kila anapoona panamfaa, na siku moja atakata nondo za bimu inayobeba ghorofa tatu juu yake. Njia salama ni kupanga majiko na vyoo vya nyumba zote vipandane ghorofa juu ya ghorofa, karibu na pale mabomba ya zamani yalipo, au kupandisha mabomba mapya nje ya ukuta wa nyuma, hata kama hayapendezi. Simtanki za juu nazo zina uzito. Lita 1,000 za maji ni tani nzima. Paa lililojengwa kubeba mvua tu halikujengwa kubeba simtanki kumi.

Nasema haya kwa sauti ya ukali kwa sababu tumezika watu. Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na watu zaidi ya 30 wakafa. Novemba 2024 jengo la Kariakoo liliporomoka likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na tena tulihesabu maiti kwa makumi. Jengo lolote la ofisi linalotakiwa kugeuzwa nyumba lipimwe kwanza na mhandisi aliyesajiliwa: nguzo zake, zege lake, chumvi ya bahari imefika kwenye nondo au haijafika. Akisema halifai, hapo mjadala umekwisha, wala asipigiwe simu na mtu mkubwa kubembelezwa abadili maneno.

Haya, tuangalie kidogo wenzetu walivyofanya. New York, sehemu ya chini ya Manhattan, mwaka 1995 ilianza kuwapunguzia kodi wenye majengo waliokubali kugeuza ofisi kuu kuu kuwa nyumba, na zaidi ya nyumba 12,000 zikapatikana. Mitaa iliyokuwa ikilala saa kumi na mbili jioni ikapata watoto na maduka ya mboga. Ila nyumba nyingi zilikwenda kwa wenye uwezo, maana mfagiaji wa ofisi hakuwekewa fungu lake tangu mwanzo. Calgary, huko Kanada, biashara ya mafuta ilipodorora na ofisi kubaki wazi, jiji liliamua mwaka 2021 kuwalipa wenye majengo dola 75 za huko kwa kila futi ya mraba inayogeuzwa makazi. Serikali ya mji ilitoa fedha yake ikijua kwamba jengo tupu linaigharimu zaidi.

Uingereza ndiyo inayonipa hofu. Mwaka 2013 waliruhusu ofisi za England zigeuzwe nyumba bila kibali cha kawaida cha mipango miji. Nia ilikuwa kupata nyumba haraka. Zikapatikana nyumba, na nyingine zilikuwa aibu: mji wa Harlow ulipata jengo la ofisi la ghorofa nyingi, Terminus House, lililokatwakatwa vyumba ambavyo vingine havikufika mita za mraba 20, familia zenye watoto zikasukumwa humo kutoka miji mingine. Kulikuwa hata na vyumba vya kulala visivyo na dirisha. Ikabidi warudi nyuma watunge masharti, na tangu mwaka 2021 nyumba ya namna hiyo haiwezi kupungua mita za mraba 37, na lazima iwe na mwanga wa jua. Sisi hatuna haja ya kupita njia hiyo ili tujue inaishia wapi. Masharti hayo mawili, ukubwa na dirisha, yaandikwe siku ya kwanza.

Nimewapeleka mbali, narudi nyumbani, Unguja. Mji Mkongwe umetuonyesha njia mbili za jengo la serikali linalopoteza kazi yake. Moja ni hoteli. Mambo Msiige, nyumba kubwa ya karne ya 19 pale Shangani, iliwahi kuwa na ofisi za serikali, na tangu mwaka 2015 ni hoteli ya kimataifa. Jengo la zamani la simu za nje, karibu na hapo, nalo ni hoteli. Paa haliwezi kuvuja hotelini, mgeni atalalamika, kwa hiyo majengo yamepona na watu wamepata ajira. Siyachukii. Lakini mji ukiwa hoteli mtupu, mwalimu wa madrasa anakaa wapi? Muuza kahawa anamuuzia nani mwezi ambao ndege za watalii haziji?

Njia ya pili ni kusubiri. Beit el Ajaib ya Sultani Barghash ilijengwa mwaka 1883, ikawa ofisi za serikali tangu mwaka 1911, baadaye makumbusho, ikachoka, ikafungwa, na mnamo tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu yake ikaporomoka na kuua mafundi wawili. Jengo lililokuwa fahari ya pwani nzima. Siku ile simu zilipigwa kutoka Lamu hadi Maskati, watu wakipeana pole kama waliofiwa.

Na ipo njia ya tatu, ambayo watu hupenda kuitaja wakitaka kunipinga. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizotwaliwa na serikali zilipewa familia, familia kadhaa ndani ya nyumba moja. Wanasema: si ulisema watu wakilala ndani jengo litapona? Mbona zile zilianguka? Swali ni la haki. Jibu lake ni kwamba kila familia ilipewa chumba, na paa halikupewa mtu. Ngazi hazikupewa mtu. Mfereji wa maji ya mvua haukupewa mtu. Kodi ilikuwa ndogo mno kuweza kununua hata chokaa, na mpangaji hakuwa na uhakika kama mwakani bado atakuwa humo. Familia ya juu ilipoona paa linavuja iliweka ndoo.

Kwa hiyo watu peke yao hawatoshi. Wanahitaji mkataba wa muda mrefu na wanahitaji chombo cha pamoja cha kutunza yale wanayoyatumia pamoja. Tanzania Bara tunayo tayari Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, inayomwezesha mtu kumiliki fleti yake kwa hati, na wenye fleti wote kuunda umoja wao wa kusimamia paa, ngazi, lifti na eneo la nje. Umoja huo uwe na akaunti. Kila mwezi kila nyumba ichange kwa ajili ya paa kama inavyonunua LUKU, na LUKU yenyewe kila nyumba iwe na mita yake, maana hakuna kinachogombanisha majirani haraka kama umeme wa kugawana.

Na nani aingie? Hapa natoa rai yangu bila kuficha. Nusu ya nyumba zipangishwe kwa wafanyakazi wanaolifanya jiji litembee: wauguzi, walimu, askari wa usalama barabarani, wafagiaji, madereva, wauza samaki wa Feri wanaoanza kazi saa kumi alfajiri. Kodi ipimwe kwa mshahara. Nusu nyingine iuzwe au ipangishwe kwa bei ya soko, na fedha hiyo ndiyo ilipe matengenezo. Ghorofa ya chini ibaki ya biashara, genge, duka la dawa, fundi cherehani, mama ntilie, ili mtaa uwe na macho mchana na usiku. Najua wapo watakaosema ardhi ya Kivukoni ni ghali mno kumweka mfagiaji. Mimi nauliza ardhi ile imekuwa ghali kwa jasho la nani.

Ninaomba pia tusimsahau mtu wa wilaya ndogo. Hapa Mafia, ambako sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 60,000, mwalimu au mganga anapopangiwa kazi anashuka kwenye boti ya Nyamisati na begi lake na jambo la kwanza analouliza ni chumba. Wengine hukosa cha maana, wakaanza kuandika barua ya kuomba uhamisho kabla muhula haujaisha. Idara zinapojengewa ofisi mpya, za zamani hufungwa kwa kufuli na kuandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu. Ofisi ya vyumba vinne yenye paa zima, ikifanyiwa jiko na choo, ni nyumba ya walimu wawili. Halihitaji mfadhili jambo hilo. Linahitaji halmashauri ikae, ikague, iamue, na impe fundi bomba wa hapahapa kazi ya wiki chache.

Ombi langu kwa wanaoshika funguo, wa Dar es Salaam na wa Kilindoni, ni hili. Orodha ya majengo ya umma yaliyo wazi ibandikwe, jengo kwa jengo, lilipo, lina ghorofa ngapi, limekaa tupu tangu lini, na nani anayesimamia paa lake. Ibandikwe ofisi ya kata, watu waisome. Na kwa kila jengo litakaloonekana kwenye orodha hiyo, apatikane mtu wa kupanda juu na kuzibua mifereji kabla masika haijaanza, hata kama uamuzi wa nani aingie utachukua mwaka mwingine.